Yakianza Kukushinda

…na sentensi yenyewe ina maneno matatu tu, hakuna atakayejua kwamba haikusemwa, haimo kwenye bango la ukutani, haimo kwenye karatasi ya maelekezo ambayo chuo kinamtaka Twyla aisome neno kwa neno kabla ya kumfungulia mtu mtihani, aliitunga mwenyewe, kwa hiyo ni mali yake, na mwenye mali humpa amtakaye akamnyima amtakaye, karatasi ameshaisoma yote, mtihani hauna kikomo cha muda, swali likishapita huwezi kulirudia, simu ibaki kabatini, karatasi ya rafu hii hapa na penseli mbili, yote yamesemwa kasoro hayo matatu, na sasa kidole kiko juu ya kitufe, neno la siri limeshaandikwa, vinukta vinane vyeusi vimejipanga kwenye skrini ya kompyuta namba nne, kilichobaki ni kubonyeza, bonyeza basi, Twyla, unangoja nini, lakini mama huyu anaongea, hajanyamaza tangu alipoketi, “…nisamehe, dada, nikiogopa mdomo hauna breki, mara ya mwisho kufanya mtihani nilikuwa na nywele hadi kiunoni na kiuno chenyewe kilikuwepo,” anacheka peke yake, anavua miwani, anaipangusa kwa ncha ya sweta, Lorna Haverkamp, miaka hamsini na minne, ndivyo kitambulisho kinavyosema, na lau kingesema Lorna mwingine yeyote Twyla angeshabonyeza zamani, sentensi yake akiwa amempa na tabasamu la nyongeza, lakini kinasema Haverkamp, na katika kaunti hii nzima, na mahindi yake na maghala yake na makanisa yake kila kona, Haverkamp aliyewahi kukalia kiti cha mshauri wa wanafunzi ni mmoja, naye yule pale, upande wa pili wa kioo, amepakata koti la mkewe, theluji ya viatuni inamyeyukia kwenye zulia, ndiye Merle, Merle mwenyewe, asubuhi hii saa nne kasorobo alisimama dirishani kwa Twyla kofia mkononi akasema, “Naona zulia hamjabadilisha, mwanangu,” akacheka, akatoa peremende mfukoni akaipitisha chini ya kioo kama mtu anayelisha ndege, na hakumtambua, alimtazama usoni kabisa, macho kwa macho, na hakumtambua… peremende iko mfukoni mwa sweta la Twyla sasa hivi, karatasi yake inakwaruza kila akipumua, ile ile, nyeupe yenye mistari myekundu, mtu anaweza kuzeeka, akastaafu, akang’oka meno, lakini peremende habadilishi, na picha yake bado imetundikwa koridoni, Mshauri Bora wa Mwaka, mara tatu, kila Ijumaa Twyla akienda nyumbani huisukuma kidogo kwa kiwiko ikae upogo na kila Jumatatu fundi wa jengo huinyoosha, miaka sita wanashindana, yeye na fundi, na fundi hajui anashindana na nani.

“…kiwanda kilipofungwa walituambia serikali itatulipia masomo miaka miwili, dada, miwili tu, haiongezeki hata siku, ndiyo maana nasema Mungu nisaidie nianze na aljebra moja kwa moja, nikianzia chini ya hapo unesi ndiyo basi tena,” ndiyo basi tena, anasema hivyo akitabasamu, kana kwamba anaeleza mvua iliyoharibu pikiniki, naye Twyla anajua hesabu hiyo kuliko anavyoijua namba yake ya simu, ukianzia chini ni mihula mitatu kabla ya kuugusa unesi wenyewe, mihula mitatu isiyohesabiwa popote, kisha miaka miwili imekwisha na mlango umefungwa, hivyo ndivyo alivyofungiwa yeye, hapa hapa, jengo hili hili, na mlango aliushika huyo aliyeketi nje na koti, Twyla alikuwa na miaka ishirini na mitatu, bintiye Kelsie ana miezi tisa ameachwa kwa jirani aliyesema mtoto aondolewe kabla ya saa tisa alasiri, hana dakika moja zaidi, Twyla alikuwa amenunua viatu vyeupe, mjinga wee, viatu vya wodini kabla hata ya kujiandikisha, kwa sababu alitaka kuwa fundi wa eksirei na aliona akivaa viatu kwanza miguu itajua pa kwenda, na Merle nyuma ya meza yake akamsukumia bakuli la peremende akasema, “Huwezi kufeli mtihani huu, mwanangu, hauna kushinda wala kushindwa, unatuonyesha tu pa kukuweka,” pa kukuweka, kama sanduku, na yeye akaamini, kwa nini asiamini, mtu mwenye tai, mwenye bakuli, akaingia hakusoma hata ukurasa, swali la kwanza akalipata, la pili, la tano, la sita, akajiona ana akili kumbe, akajisikia joto zuri kifuani, halafu la saba likaja na mizizi na herufi mbili zinazong’ang’aniana, la nane likawa baya zaidi, la tisa hakulielewa hata lilikuwa linauliza nini, jasho likamtoka mgongoni, saa ya ukutani inasema saa nane na nusu, akajiambia si uliona, Twyla, si ulijua, ulijitia msomi sasa wamekugundua, na hapo ndipo alipoanza kubonyeza B, B, B, B, hakusoma tena, B, na basi, muujiza, maswali yakaanza kulainika, yakaja ya kujumlisha, yakaja ya sehemu, nusu ya keki na robo ya keki, akayasoma, akayapata, akapumua, akatabasamu, kweli alitabasamu, alidhani mambo yamenyooka, alidhani amekizoea kitu, kumbe anashushwa ngazi huku anaimba, akatoka mle amechangamka, akamwambia Merle, “Mwanzoni yalinitoa jasho lakini mwishoni yalikuwa maji,” na Merle akaitazama karatasi ikitoka kwenye mashine, akakunja midomo kwa huruma ile yake, akasema, “Si kwamba umefeli, hapana, hapa hakuna anayefeli, tutakuanzishia hesabu za msingi,” Twyla akamuuliza naweza kurudia, akamjibu kwa nini ujisumbue, mwanangu, nyumba ni msingi, chukua peremende… na Twyla akachukua, hiyo ndiyo inayomuuma hadi leo kuliko yote, kwamba alichukua, na akasema asante.

Mihula mitatu ya keki, nusu ya keki, robo ya keki, thumni ya keki, mwalimu mwenyewe anaona haya, kisha barua kwamba msaada umefikia kikomo, kisha miaka kumi na mmoja ya kuku, kiwanda cha kuku cha njia ya kaskazini, kuku wanapita wamening’inia miguu juu na wewe unakata, unakata, harufu inakufuata hadi kanisani, na viatu vyeupe Kelsie akavivaa sikukuu moja ile ya watoto kujigeuza watu wengine, yeye akajigeuza nesi, vikiwa vikubwa, vimejazwa magazeti, akagonga milango yote ya mtaa akiomba pipi, “Mama, kwani hivi vilikuwa vya nani?”… Mwenye kovu usidhani amepoa, waliosema hivyo hawakukosea, halafu miaka sita iliyopita chuo kikatangaza kazi ya karani wa chumba cha mtihani, Merle amestaafu mwaka mmoja kabla, keki ya kumuaga imeliwa, picha imetundikwa, na wiki ya kwanza wakampa Twyla kitabu cha msimamizi akisome, ukurasa wa kumi na nne, hakuna aliyeukunja hata pembe, kilikuwa kipya kabisa wakati chuo kina hicho kitabu tangu mashine ziletwe, na ukurasa wa kumi na nne ukasema kwa upole kabisa kwamba mtahiniwa akipatia mashine humletea gumu zaidi, akikosea humletea jepesi, hivyo ugumu ni dalili ya kufanya vizuri… ni dalili ya kufanya vizuri… alikwenda chooni akakaa, akalia hadi fulana ikalowa, akawa anavuta maji kila baada ya muda ili wasimsikie, alivuta mara tisa, kwa hiyo la saba na la nane na la tisa yalikuwa mashine ikimwambia njoo, Twyla, panda, bado kidogo tu, na yeye alidhani inamfukuza, na alipotoka chooni alikuwa na sentensi yake, ameishika kama jiwe, akaanza kumpa kila anayeketi, vijana wenye vipokea sauti shingoni, akina mama wenye nepi mkobani, madereva wa malori wenye vidole visivyoenea kwenye kibodi, kila mmoja, kabla ya kubonyeza, “Yakianza kukushinda, unashinda,” nao wanacheka, wanasema rudia, anarudia, na wapo waliorudi na maua, yupo mmoja alirudi na mahindi gunia zima, na miaka sita hajamruka mtu… ila leo, leo itakuwa huyu, mmoja tu, haki ya Mungu mmoja tu, si uongo wala si wizi, ni kunyamaza, na sheria ya nchi gani inamfunga mtu kwa kunyamaza, aonje, Merle aonje, arudi nyumbani na mke aliyewekwa kwenye keki, mihula mitatu amwone mezani na robo na thumni, amwone anavyojifuta macho akidhani hatazamwi, mkuki kwa nguruwe mtamu, sasa tuone, aliye juu mngoje chini na Twyla amengoja miaka kumi na tisa, hakuwahi kumwombea kifo, hapana, alikuwa anamwombea afya njema, aishi, aishi hadi siku hii.

“…Merle naye kanipa ujanja wake jana usiku, alifanya kazi hapa, labda humjui, wewe bado kijana,” anasema Lorna, na anaukaribisha uso kama mtu anayetoa siri ya mapishi, ananukia sabuni na kahawa, “kaniambia ukiona yanakuwa magumu ujue umeshapotea njia, usijitese, bahatisha tu usonge, mashine yenyewe itakurudisha unapostahili,” na Twyla anakumbuka, ngoja, ngoja kwanza, bahatisha tu usonge… mlango wa chumba hiki, siku ile, Merle ameushikilia kwa mgongo ili apite, mkono mmoja na kikombe, na Twyla anapita chini ya mkono huo akiwaza saa tisa, akiwaza maziwa ya Kelsie, na sauti juu ya kichwa chake inasema, inasema kweli, anaisikia sasa hivi kama imesemwa leo, “Ukikwama bahatisha tu, mwanangu, usonge mbele,” alisema, alisema! na yeye miaka yote hiyo alidhani zile B ni zake, hilo ndilo fungu la lawama alilokuwa akijibebesha mwenyewe usiku na mchana kati ya kuku na kuku, kwamba haya, Merle alininyima habari, lakini nani alikutuma ubonyeze B kama mwendawazimu, ulikuwa mvivu, Twyla, ulikata tamaa mapema, mama yako alisema hivyo, mwenyewe ulisema hivyo, mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, kumbe hata mwiba wenyewe ulitoka mkononi mwake, hata zile B zilikuwa zake, zote, na damu inampanda kichwani Twyla hadi namba nne kwenye ukingo wa skrini inacheza, bonyeza, bonyeza sasa, hujafanya kitu, ameshamwambia mwenyewe, sumu ameipika jikoni kwake akamnywesha mkewe kwa kijiko, mchimba kisima huingia mwenyewe, wewe shika kimya tu na uitazame ikifanya kazi… lakini nani humpa mkewe sumu, akapakata koti lake, akamngoja kwenye kiti kigumu na mgongo wake mbovu, hakuna, hakuna mtu anayefanya hivyo, ila kama hajui, hajui, Mungu wangu, huyu mzee hajui, miaka ishirini na sita kwenye kiti kile na hakufungua kitabu, anaamini, aliamini siku ile na anaamini sasa, Twyla alimchukia mtu mwenye hila, mjanja, aliyemtazama mjamzito wa jana asiye na mume akaamua huyu hatufai, alimjenga vizuri mtu huyo, alimpa hadi sauti ya ndani, na mtu huyo hayupo, hajawahi kuwapo, aliyekuwapo ni mpumbavu mwenye peremende, na mpumbavu utamlipizaje, mbona chuki haitulii, mbona imebaki pale pale kifuani na uzito wake wote, haina hata pa kukaa.

“Dada? Kuna kasoro?” hapana, mama, kompyuta inafikiri tu, na Lorna anaweka mikono mapajani, vidole vya kiwandani, kovu la bati kwenye kidole cha shahada, amenunua penseli zake mwenyewe kumbe, mpya, zimechongwa, amezipanga sambamba ingawa amepewa za hapa, penseli zile ni viatu vyeupe, na Twyla anajua atakavyotoka, saa moja kutoka sasa, atatoka amechangamka, “Mwanzoni yalinitoa jasho, dada, lakini mwishoni yalikuwa maji!”, na Twyla ndiye atakayeshika karatasi ikitoka kwenye mashine, ndiye atakayekunja midomo kwa huruma, mdomo wa nani huo, atakuwa na peremende mfukoni kabisa, tayari, na Merle je, Merle atafanya nini, atasimama, atamvisha koti, atasema si kwamba umefeli, mpenzi, nyumba ni msingi, watakwenda kula pai mahali, na usiku atalala, ndiyo, atalala fofofo, kwa sababu wanaofeli huwa wapo na yeye amewaona wengi na kila mara aliona ni wao, basi ataona na mkewe ni wao pia, hesabu si kila mtu, atasema, na kisasi chote cha miaka kumi na tisa kitakwenda kumlalia huyu mwenye penseli na hakitamgusa yeye hata ukucha, hivyo ndivyo alivyo Merle, mambo yanampitia hadi kwa aliye karibu yake, si ndivyo yalivyompitia yakamfikia Twyla, basi hapana, hapana, huponyoki hivyo mzee, si leo, kuna njia moja tu ya kukufikia na haipiti kwenye kunyamaza, inapita kwa huyu, akishinda, akiketi ndani ya gari nawe, kioo kimejaa ukungu, hita inanguruma, akasema Merle, ulivyoniambia sivyo, kinyume chake ndicho, na ukacheka, na ukasema haiwezekani, na ukanyamaza, halafu taa ikawa kijani na hukuondoka, kwa sababu kuna msichana amepita chini ya mkono wako, na baada yake mwingine, na baada yake mwingine, miaka ishirini na sita, kila Agosti foleni hadi ngazini, wote wana peremende mdomoni, uwahesabu, hakuna nusu wala robo pale, ni watu wazima wazima, na ukimaliza uanze tena.

“Nani kakuambia ubahatishe, mama?” Twyla anauliza, ingawa anajua, anataka kulisikia jina likitoka kwenye mdomo ule. “Merle. Mume wangu. Kwani?” Kidole hakijaondoka kwenye kitufe, vinukta vinane viko pale pale, saa ya ukutani imesogea dakika nne, na Twyla anainama, anasema polepole, na sauti yake haina upole wowote, “Yakianza kukushinda, unashinda. Magumu maana yake umepatia yaliyopita, mashine inakupandisha. Usibahatishe hata moja. Hata kama machozi yatatoka, ulisome, ulijibu, tuna siku nzima.” Lorna anauliza, “Magumu ndiyo mazuri?” “Ndiyo.” “Tangu lini?” “Tangu siku ya kwanza, mama. Mashine zilikuja hivyo.” Na Lorna anageuka kwenye kiti, anamtazama mumewe kupitia kioo, kwa muda mrefu, bila kutabasamu, akihesabu miaka, na Merle kule nje, akidhani anasalimiwa, anainua dole gumba.